Funza kwenye chakula cha nguruwe: kipi ni sayansi, kipi ni porojo

Muulize mfugaji yeyote wa nguruwe, awe Mbeya, Mbinga, Mbulu au Kibaha, ni kitu gani kinamnyima usingizi. Ukiweka magonjwa pembeni, jibu ni moja tu: chakula. Kwa nguruwe wanaofugwa bandani, chakula peke yake kinameza karibu asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Na ndani ya hicho chakula, kinachouma mfuko zaidi ni protini. Pumba utazipata kwenye mashine ya kusaga mtaani. Ila soya na dagaa? Hapo ndipo mfugaji anaanza kukuna kichwa.

Ndiyo maana siku hizi habari za funza zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji. "Fuga funza, sahau kununua soya." "Protini asilimia 60, gharama sifuri." Kuna wanaokunja uso wakisikia, na kuna ambao tayari wameshanunua gramu kadhaa za mayai ya nzi kwa bei ya kutisha. Wewe uko upande gani?

Twende taratibu. Tutaangalia nguruwe anahitaji nini, funza ana nini ndani yake, majaribio yamesema nini, kisha tupige hesabu kwa namba halisi. Mwisho tutaongelea hatari, maana zipo, na moja inaweza kufagia banda zima ndani ya wiki moja. Na kama hufugi nguruwe, au kwa imani yako nyama hii haiingii jikoni kwako, baki tu. Sehemu kubwa ya mambo haya inahusu pia kuku, samaki, na lile dampo la soko lenu.

Kwanza: nguruwe anatafuta nini kwenye protini?

Ng'ombe ana bahati. Tumboni mwake kuna mabilioni ya vijidudu wanaochukua majani makavu na kumtengenezea protini. Nguruwe hana huduma hiyo. Tumbo lake ni moja, kama letu, na anachokula ndicho anachopata.

Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Viko aina 20 hivi. Baadhi mwili wa nguruwe unaweza kuvitengeneza wenyewe, na vingine ni lazima aletewe kwenye chakula. Kati ya hivyo vya lazima, kinachowahi kupungua kwenye chakula cha mahindi ni laisini.

Mfikirie fundi cherehani aliyepewa oda ya mashati ya shule. Kila shati linahitaji kitambaa, uzi na vifungo saba. Kama ana vifungo 70, atamaliza mashati 10 na kazi imeishia hapo, hata kama kitambaa kimejaa hadi darini. Laisini ndiyo vifungo. Nguruwe akikosa laisini, asidi amino nyingine zote zinabaki hazina kazi. Na mwili hauna stoo ya kuzihifadhi. Unazivunja, nitrojeni iliyomo inatoka kwenye mkojo, na bandani inageuka kuwa ile harufu kali ya amonia inayochoma macho. Kwa hiyo sehemu ya harufu ile ni hela yako inayeyuka hewani.

Sasa angalia vyakula tulivyonavyo. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9 hivi, na laisini kidogo sana. Mashudu ya alizeti, ambayo kwa Singida na Dodoma ni ya kumwaga, yana protini nzuri, karibu asilimia 28 kutegemea yamekamuliwaje, lakini nyuzinyuzi ni nyingi na laisini ni haba. Soya ina laisini ya kutosha, ila ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, hivyo lazima ikaangwe au ipitie kiwandani. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wazuri kuliko wote, lakini kuna mambo mawili. Moja, wanaouzwa kwa ajili ya mifugo mara nyingi wanakuja na mchanga wao. Mbili, dagaa hao hao ndio mboga ya watoto wengi kuanzia Mwanza hadi Kisumu. Kila gunia linaloingia kwenye chakula cha mifugo limetoka kwenye soko lile lile la binadamu.

Kwa hiyo tunatafuta kitu chenye laisini nyingi, kisichogombaniwa na watu, na kinachopatikana karibu. Hapa ndipo funza anaingia.

Funza yupi?

Si kila funza. Anayezungumzwa ni buu wa nzi askari mweusi, ambaye wanasayansi humwita Hermetia illucens. Asili yake ni bara la Amerika, ila kwa sasa amesambaa karibu nchi zote zenye joto, zetu zikiwemo. Huenda yuko nyuma ya nyumba yako kwenye rundo la mbolea na hujawahi kumtambua, kwa sababu ukimwona kwa haraka utadhani ni nyigu. Ni mweusi, mwembamba, ana urefu wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili, na miguu yake ina ncha nyeupe.

Tofauti yake na nzi wa nyumbani ni kubwa. Nzi wa nyumbani anatua chooni, halafu anatua kwenye wali wako. Nzi askari mkubwa halishwi wala hatafuti chakula. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu, anakunywa maji tu, anapandana, anataga, anakufa ndani ya wiki moja au mbili. Hang'ati. Hana shida na sahani yako.

Jike hutaga mayai kama 500 hivi, tena hayatagi ndani ya uchafu bali kwenye upenyo mkavu ulio karibu na uchafu. Ndiyo maana wafugaji huweka vipande vya mbao au maboksi yenye matundu juu ya chambo. Baada ya siku nne hivi mayai yanaanguliwa, na mabuu wanaanza kula. Na wanakula kweli: maganda, matunda yaliyooza, machicha ya pombe, mabaki ya mboga. Kwa joto la nyuzi 27 hadi 30, ndani ya wiki mbili hadi tatu buu aliyeanza akiwa hafiki uzito wa punje ya chumvi anakuwa mnene wa kuvunwa.

Wakifika mwisho wa kukua wanageuka weusi, wanaacha kula na kuanza kutambaa kutafuta sehemu kavu. Wengine hutumia tabia hiyo kuwavuna bila jasho: unaweka njia ya mteremko, wenyewe wanapanda na kudondoka kwenye ndoo. Ni ujanja mzuri, ila kwa ajili ya chakula ni afadhali uwavune siku chache kabla, wakiwa bado weupe. Wakishakuwa weusi ganda lao linakuwa gumu, na ganda si chakula.

Ndani yake kuna nini?

Hapa ndipo porojo nyingi zinapoanzia, kwa hiyo tuwe makini.

Mabuu wakikaushwa wakiwa wazima, yaani bila kukamuliwa mafuta, wana protini ya karibu asilimia 40 na mafuta ya asilimia 30 hivi, wakati mwingine zaidi. Ile asilimia 60 unayoiona kwenye matangazo inapatikana pale mafuta yanapokamuliwa kwa mashine. Wewe unayekausha juu ya bati nyumbani hutaifikia.

Halafu kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Inapima nitrojeni, kisha inazidisha mara 6.25, kwa kudhani kwamba nitrojeni yote imetoka kwenye protini. Kwa soya si mbaya sana. Kwa wadudu kuna tatizo: ganda lao lina kitini, na kitini nacho kina nitrojeni ingawa si protini. Watafiti wa Uholanzi walipolichunguza hilo mwaka 2017, walipendekeza kwa mabuu wazima tuzidishe mara 4.76 badala ya 6.25. Piga hesabu: buu mwenye nitrojeni asilimia 6.4 anaandikwa kuwa na protini asilimia 40, lakini protini ya kweli ni kama asilimia 30. Si kwamba mtu amekudanganya. Ni kipimo cha zamani kinachotumika kwa mdudu wa aina nyingine. Ila ukijua hilo, utaacha kushindana kwa asilimia na kuuliza swali la maana zaidi: laisini ni kiasi gani?

Na hapo funza anajitetea vizuri. Laisini yake kwa kila gramu ya protini inakaribiana na ya soya. Vifungo vipo.

Mafuta yake nayo yana tabia ya kipekee. Sehemu kubwa ni asidi ya lauriki, ile ile inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya nazi. Maabara zimeonyesha kwamba asidi hii inadhoofisha aina fulani za bakteria, na ndiyo sababu watafiti wanavutiwa kuijaribu kwa vitoto vya nguruwe walioachishwa kunyonya, umri ambao kuharisha kunaua wengi. Inavutia, lakini bado usiiite dawa.

Kitu cha tatu ni kalsiamu. Buu huyu analiimarisha ganda lake kwa kalsiamu, na akikaushwa inaweza kufika asilimia 5 au hata kuzidi, kutegemea alichokula. Kumbuka namba hii, tutairudia.

Nguruwe wenyewe wanasemaje?

Karatasi ni karatasi. Swali ni kama nguruwe anakua.

Jaribio lililo karibu nasi lilifanyika Kenya, likihusisha watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyopo Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Walichukua nguruwe 40 wa mchanganyiko wa Large White na Landrace, wakawagawa kwenye makundi matano. Kundi la kwanza lilipewa chakula chenye unga wa samaki kama kawaida. Kwa makundi mengine, unga wa samaki uliondolewa kidogo kidogo na kuwekwa unga wa funza: robo, nusu, robo tatu, na kundi la mwisho samaki wote wakaondolewa. Vyakula vyote vilipangwa viwe na protini na nguvu sawa, ili tofauti yoyote ikitokea isisingiziwe kitu kingine.

Matokeo? Kiasi walichokula hakikutofautiana. Kasi ya kuongezeka uzito haikutofautiana. Lehemu na mafuta kwenye damu havikubadilika. Na upande wa pesa, faida kwa kila shilingi iliyowekwa ilikuwa inafanana kwa makundi yote.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Funza hakumfanya nguruwe akue kuliko wa samaki, na hakuleta faida maradufu. Alilingana. Kwa mtaalamu wa lishe hayo ni matokeo mazuri mno, maana yake unaweza kuwaondoa samaki wote bila nguruwe kugundua. Kwa mtu aliyeahidiwa utajiri, ni maji ya baridi.

Italia nako mwaka huo huo walijaribu kwa vitoto walioachishwa kunyonya, wakitumia funza waliopunguzwa mafuta kwa kiwango cha asilimia 5 na asilimia 10 ya chakula. Ukuaji haukuharibika. Kwa hiyo kwa viwango vya kawaida, upande wa lishe swali limeshajibiwa kwa sehemu kubwa: inafanya kazi.

Tupige hesabu

Tuseme una nguruwe wanaokua, wa kilo 30 hadi 60, na unalenga chakula chenye protini asilimia 16. (Hapa tunatumia kile kipimo cha kawaida cha 6.25, kwa sababu majedwali yote ya vyakula yanakitumia.)

Mtu wa haraka atachanganya pumba na funza peke yake. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, funza 40. Ili kufikia 16 unahitaji kilo 80 za pumba na kilo 20 za funza. Protini imetimia, lakini angalia kalsiamu: kilo 20 mara asilimia 5 ni kilo nzima kwenye mia, yaani asilimia 1. Nguruwe wa umri huo anahitaji kama asilimia 0.7. Kalsiamu ikizidi inagombana na fosforasi na zinki, na unaweza kuona ngozi inakakamaa na ukuaji unadorora huku ukijiuliza umekosea wapi. Mafuta nayo: kilo 6 kutoka kwa funza pekee, hujahesabu ya pumba. Nyama itakuwa laini na yenye mafuta kupita kiasi, na mnunuzi wa kitimoto atalalamika.

Sasa jaribu mchanganyiko huu kwa kilo 100:

- Pumba za mahindi kilo 68: zinaleta protini kilo 6.8
- Mashudu ya alizeti kilo 20: kilo 5.6
- Funza wakavu kilo 10: kilo 4.0
- Chumvi, madini na vitamini kilo 2

Jumla ni protini kilo 16.4. Tumefika. Kalsiamu ya funza ni asilimia 0.5, hivyo chokaa utakayoongeza ni ndogo sana. Mafuta ya funza ni kilo 3, yanavumilika.

Laisini je? Pumba zinaleta kama gramu 250, alizeti gramu 200, funza gramu 230 hivi. Jumla ni gramu 680, yaani asilimia 0.68. Nguruwe wa mbegu inayokua haraka anataka asilimia 0.9 au zaidi. Bado vifungo vimepungua! Lakini ona: funza ni sehemu ya kumi tu ya chakula, na ameleta theluthi nzima ya laisini yote. Pengo lililobaki unaliziba kwa gramu 300 za laisini ya unga inayouzwa maduka ya pembejeo za mifugo, ambazo zitaleta laisini halisi kama gramu 230. Sasa uko kwenye 0.91.

Usikariri mchanganyiko huu kama dawa. Pumba za kwenu si pumba za kwetu, na funza wa machicha si sawa na funza wa maganda. Chukua sampuli, peleka maabara ya TVLA au SUA wakupimie, kisha urudie hesabu kwa namba zako. Unachotakiwa kubeba hapa ni namna ya kufikiri: funza ni mchezaji wa timu, ukimpanga peke yake uwanjani mnafungwa.

Hesabu ambayo watu wanairuka

Haya, funza kilo 10 kwa kila kilo 100 za chakula. Wanatoka wapi?

Nguruwe mmoja akila kilo 2 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 200 za funza wakavu. Funza mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na ukimkausha anabaki theluthi moja hivi. Kwa hiyo unahitaji gramu 600 za funza wabichi kila siku. Kwa kawaida kilo 100 za taka mbichi zinatoa funza wabichi kilo 10 hadi 20, tuchukue 15. Basi gramu 600 zinahitaji kilo 4 za taka.

Kilo 4 kwa siku, kwa nguruwe mmoja. Ukiwa na nguruwe kumi ni kilo 40 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa miezi minne ya kunenepesha ni karibu tani tano.

Umeona mchezo ulipo? Maganda ya jikoni kwako hayatoshi hata nguruwe mmoja. Biashara hii kumbe ni ya taka kabla haijawa ya wadudu. Mwenye mkataba na soko la matunda, kiwanda cha juisi au wapika pombe ndiye mwenye protini. Ndiyo sababu miradi mingi iliyofika mbali katika ukanda wetu iko pembezoni mwa miji. Dar es Salaam kuna BioBuu, na jina lake linajieleza.

Na taka nazo hazifanani. Machicha ya pombe yanatoa funza wazuri. Maganda ya ndizi peke yake yanawakondesha, maana protini ni kidogo na nyuzinyuzi ni nyingi. Changanya. Unyevu uwe wa wastani: ukikamua kwa kiganja yatoke matone machache, yasimwagike. Yakiwa rojorojo, hewa inakosekana, harufu inapanda, na badala ya nzi askari unawakaribisha nzi wa nyumbani, hapo majirani ndio watakufundisha sayansi.

Kuna ugumu mwingine wa kijiografia ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Nguruwe wengi wa Tanzania wako Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Ruvuma. Huko huko kuna baridi. Nzi askari anataka joto, na mwanga mzuri wa jua ili apandane. Njombe mwezi wa saba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na mabuu wanakaribia kusimama kukua. Mkulima wa huko atahitaji nyumba ya nailoni ya kukusanya joto, au anunue funza waliokaushwa kutoka ukanda wa joto kama anavyonunua dagaa. Swali la bei ya usafiri halikwepeki.

Hatari: hapa usiruke

Ya kwanza na kubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna tiba. Ukiingia bandani unaweza kuua karibu nguruwe wote. Virusi vyake vinakaa kwenye nyama kwa miezi, hata ikigandishwa. Njia mojawapo maarufu ya kuusambaza ni makombo ya hoteli yenye mabaki ya nyama ya nguruwe.

Sasa fikiria: unachukua makombo kutoka kwa mama lishe na baa, ndani yake kuna mifupa ya kitimoto, unawalisha funza, funza unawamwagia nguruwe wakiwa hai. Umebadilisha njia tu, mzigo ni ule ule. Hata kama funza hauguzwi na virusi hivyo, ngozi yake na tumbo lake vimejaa alichokuwa anakilia.

Kwa hiyo sheria mbili zisizo na mjadala. Moja: funza wa nguruwe hawalishwi kitu chochote chenye nyama ya nguruwe, kama huna uhakika na makombo, yaache, tumia mabaki ya mimea. Mbili: funza hawaingii kwenye hori wakiwa hai wala wabichi. Wachemshe kwanza, kisha wakaushe. Virusi vya homa hii hufa kwa nyuzi joto 60 zikidumu dakika 20, na maji yanayochemka yanaua pia salmonela na wenzake. Tenganisha vyombo: ndoo ya taka isiwe ndoo ya chakula. Na buti za eneo la taka zisiingie bandani.

Hatari ya pili ni madini mazito. Funza huyu ana tabia ya kukusanya kadmiamu mwilini, kiasi cha kuzidi ile iliyokuwa kwenye taka. Taka za dampo zilizochanganyika na betri, rangi na vyuma hazifai hata kidogo. Chambua taka pale pale zinapozaliwa, sokoni au jikoni, kabla hazijachanganyika.

Kwa sumukuvu habari ni nzuri kidogo: majaribio kadhaa yameonyesha kwamba mabuu wakilishwa nafaka yenye sumukuvu hawaikusanyi mwilini. Hiyo haina maana kwamba mahindi yenye ukungu sasa ni salama kwa nguruwe. Maana yake ni kwamba kuna sehemu ya kuyapeleka.

Vipi kuhusu kinyesi? Nzi askari anakula samadi na hata kinyesi cha binadamu vizuri kabisa, na kuna miradi inayomtumia kusafisha taka za vyoo. Ila kumtumia kusafisha ni jambo moja, kumrudisha kwenye mnyororo wa chakula bila udhibiti wa kiwanda ni jambo jingine. Umoja wa Ulaya, uliochomwa na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliotokana na kulisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa, ulifungua mlango taratibu: protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017, kwa nguruwe na kuku mwaka 2021. Na hata walipofungua, wadudu hao hawaruhusiwi kulishwa samadi wala makombo ya migahawani. Kenya ilitoa kiwango chake cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017. Ukitaka kuuza na si kulisha mifugo yako tu, anza kwa afisa mifugo wa wilaya na TBS kabla hujanunua mashine.

Je, nyama itakuwa na ladha ya funza?

Hili huulizwa kila mara. Hapana. Protini ya funza inavunjwa kuwa asidi amino tumboni, na mwili wa nguruwe haujui laisini hii ilitoka kwa dagaa au kwa buu. Mafuta ndiyo yanayoacha alama, kwa sababu nguruwe anahifadhi mafuta karibu kama alivyoyala. Ndiyo sababu nyingine ya kutozidisha. Halafu kumbuka kuku wa kienyeji, yule unayemlipia bei ya juu sokoni, siku nzima anafukua nini?

Uanzie wapi?

Kama una nguruwe wawili watatu, usinunue mayai ya nzi kwa bei ya dhahabu. Weka ndoo ya matunda yaliyooza kivulini, juu yake weka boksi lenye matundu, na usubiri. Nzi askari wa mtaani watakuja wenyewe. Jifunze mzunguko mmoja au miwili, pima kwa mizani taka zilizoingia na funza waliotoka, na uandike. Mabaki yatakayobaki kwenye ndoo ni mbolea nzuri ya bustani, na kwa wafugaji wadogo wengi hiyo mbolea inaweza kulipa haraka kuliko funza wenyewe.

Kama una nguruwe ishirini au zaidi, anza na swali la taka: nani atakupa kilo 80 safi kila siku, kwa mkataba, bila mifupa na bila betri? Ukishalijibu hilo, ndipo uongelee nzi. Ukishindwa kulijibu, nunua mashudu na laisini, na uendelee na maisha. Nguruwe wako hatajua tofauti, na mfuko wako utakushukuru.